Je, taasisi za serikali hupewa maji bure?

Wengi huamini kwamba shule, zahanati na vituo vya polisi havilipii maji, kwa kuwa mamlaka ya maji nayo ni ya serikali. Dhana hiyo inaeleweka, lakini nchini Tanzania taasisi ya umma ni mteja: huingia mkataba, hufungiwa dira na hutozwa kwa uniti, yaani lita 1,000, kwa bei iliyoidhinishwa na mdhibiti. Malipo yakichelewa, deni hubaki deni.

Mjumbe wa kamati ya shule anaweza kuomba ankara ya mwezi na kulinganisha usomaji wa dira. Ikiwa imetoka 380 hadi 412, zimetumika uniti 32, na pengine sehemu yake imevujia kwenye bomba la nyuma ya vyoo.