Daftari la Shukrani si Daftari la Mahudhurio

"Andika mambo kumi unayoyashukuru kila asubuhi, maisha yako yatabadilika." Wiki hii ushauri huu umenifikia tena, safari hii ukiwa na picha ya jua linachomoza nyuma ya maneno, na uvumilivu umeniishia. Najua kinachofuata. Baada ya wiki tatu watu wanakuja kwa ushauri nasaha na daftari lililojaa, wanasema zoezi halifanyi kazi. Ukilifungua unakuta: afya, familia, uhai, kazi, chakula, marafiki. Ukurasa wa pili: uhai, familia, afya, marafiki, kazi, chakula. Kufika ukurasa wa ishirini hata mwandiko umechoka.

Hapo hakuna zoezi la shukrani. Kuna mwalimu anayeita majina darasani. Afya? Nipo. Familia? Nipo. Anaweka alama ya vema, anafunga daftari, na hajamtazama mwanafunzi hata mmoja usoni.

Nianze na hiyo kumi, maana ndiyo inayoharibu mengi. Mwaka 1991 Norbert Schwarz na wenzake waliwaomba watu wakumbuke nyakati walizojitetea kwa ujasiri. Wengine waliombwa mifano 6, wengine 12. Ungedhani wa 12 wangejiona majasiri zaidi. Ikawa kinyume: walijiona majasiri kidogo kuliko wa 6, kwa sababu kutafuta mifano 12 kuliwatoa jasho, na akili ilichukulia ule ugumu kama ushahidi kwamba mifano ni michache. Utafiti huo haukuhusu shukrani, kwa hiyo ninaposema jambo hilo hilo linatokea kwenye daftari lako natoa hitimisho langu mwenyewe. Lakini mtazame mtu aliyekwama kwenye namba saba, kalamu hewani, anatafuta cha kujazia. Wazo linaloingia hapo ni "kumbe sina mengi". Amekaa ashukuru, anainuka akijiona fukara.

Kuhusu "kila siku", mambo hayajatulia hata kwa watafiti. Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003, walijaribu kuandika mara moja kwa wiki na pia kuandika kila siku, na ile ya kila siku iliongeza hisia ya shukrani zaidi. Miaka miwili baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walitoa taarifa ya zoezi la wiki 6: waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walipata nafuu, waliofanya mara tatu hawakupata. Vitabu vya kujisomea huchagua utafiti mmoja kati ya hiyo miwili na kuunyamazia mwingine. Mimi ninaowashauri nawapa siku mbili au tatu kwa wiki, jioni, dakika kumi, kitu kimoja na kisizidi vitatu. Anayetaka kila siku namruhusu kwa sharti moja: kitu kimoja tu, na asikirudie wiki hiyo bila kukiona upande mpya. Ukiruka siku, umeruka siku. Hakuna kulipa deni kesho yake kwa kuandika mara mbili.

Daftari au simu? Chochote, ili mradi hakuna mwingine anayesoma. Ukishajua kuna watazamaji utaanza kushukuru vitu vinavyopendeza kwenye picha.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua kifungo cha shati. Mtu wa mahudhurio ataandika "nashukuru kwa nguo" na kusonga mbele. Wewe kaa nacho dakika tatu. Kifungo cha tatu kutoka juu kiling'oka siku moja, kikashonwa upya. Uzi wake umekoza kidogo kuliko wa vifungo vingine. Ukikiinua kwa ukucha utaona hakijabanwa moja kwa moja kwenye kitambaa. Chini yake kuna kishingo kifupi cha uzi, kwa sababu aliyekishona, kabla ya kupiga fundo, aliuzungusha uzi mara kadhaa kati ya kifungo na shati. Bila kishingo hicho upande wenye tundu haungepata mahali pa kukaa, na kitambaa kingejikunja kila ukifunga. Kwa hiyo yupo mtu aliyekaa na sindano na kuhangaikia jambo ambalo hakuna ambaye angelitazama. Sentensi ya daftari inakuwa hivi: "Kifungo cha tatu hakijalegea, kwa sababu dada alikizungushia uzi kwa chini, na mimi nilikuwa nimemwomba akibandike tu."

Ndani ya sentensi hiyo kuna kitu mahususi, kuna sababu ya kitu hicho kuwepo, na kuna ziada ambayo hukuwa unaidai. Sababu ndiyo watu wanaoiacha, nami sichoki kuirudisha. Zoezi maarufu la mambo matatu mema, lile ambalo Martin Seligman na wenzake walilijaribu na kulichapisha mwaka 2005, lilikuwa na sehemu mbili: andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, na kwa kila moja andika kwa nini lilikwenda vizuri. Lilivyosambaa mitandaoni sehemu ya pili ilidondoka njiani. Ikabaki orodha.

Na hiyo "kwa nini" isiwe "kwa sababu nimebarikiwa". Inaweza kuwa kweli kabisa kwa imani yako, sina ugomvi nayo, ila hapa haikupeleki popote kwa kuwa inajibu kila kitu kwa namna ile ile. Shuka ngazi moja chini: baraka hiyo ilipitia mkono wa nani, saa ngapi, kwa kufanya nini?

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Soma ulichoandika, kisha jiulize kama mtu usiyemjua angeweza kukinakili kwenye daftari lake bila kubadilisha neno. "Nashukuru kwa maji" inanakilika na dunia nzima. "Nashukuru bomba halikuvuja usiku, kwa sababu juzi fundi alibadilisha mpira wa ndani badala ya kuniambia ninunue bomba jipya" ni yako peke yako.

Vipi vitu visivyo na mtu nyuma yake, kama upepo wa jioni au mwili kupona mafua? Wataalamu wanabishana kama hiyo ni shukrani au ni kufurahia tu. Ubishi huo haunikoseshi usingizi. Viandike. Ila nionavyo, maandishi yenye mtu ndani yake hayachuji haraka, kwa hiyo yakipita matatu mfululizo bila mtu, la nne mtafute.

Sasa kauli inayonikera kuliko hata orodha ya kumi: "Shukuru, kuna wenzako hawana."

Sitasema haifanyi kazi, maana inafanya. Thomas Wills aliandika mwaka 1981 kuhusu watu wanaojilinganisha na walio chini yao ili kujisikia vizuri, na mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na ajali anaijua hisia hiyo. Ni afueni: limetua kwa jirani, halikutua kwangu. Afueni ni tamu lakini haimshukuru mtu yeyote. Haikufundishi kuona kilichopo mkononi mwako. Inakutaka tu ujue kwamba mkononi mwa mwingine hakipo. Tuseme ulishukuru viatu kwa kuwa jirani hana. Jirani huyo akipata naye, je? Viatu vyako ni vile vile, mguu ni ule ule, ila "shukrani" imeyeyuka kwa sababu mguu wa jirani nao umevaa. Tena mazoea ya kujilinganisha hayaendi upande mmoja. Jicho ulilolizoeza kutazama chini kila asubuhi, ifikapo mchana linatazama juu, na huko kuna wengi zaidi ya unavyoweza kuhimili.

Kuna matumizi yake mabaya zaidi, ya kumfunga mtu mdomo. Anasema mgongo unamuuma, anajibiwa kuna wasio na miguu. Mgongo haujapona. Kilichoongezeka ni aibu ya kuwa na mgongo. Watu wa namna hii wakishika daftari la shukrani huligeuza kuwa hati ya mashtaka: nina hiki, nina kile, na bado nina huzuni, basi mimi ni mtu mbaya. Ukiona daftari lako linaelekea huko, liweke kando mwezi mzima. Hakuna kitakachoharibika.

Kulalamika na kushukuru vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Unaweza kuandika kwamba mwenzako kazini alikushikia zamu kwa hiari yake, na jioni hiyo hiyo ukaandika barua ya kudai malipo ya saa za ziada. Anayekuambia uchague moja mara nyingi ndiye anayedaiwa.

Hapa huwa naulizwa: mbona na wewe unafundisha kuwaza kukosa? Kweli, nafundisha zoezi la kuondoa, na tofauti yake ni kubwa. Unalinganisha maisha yako na maisha yako mwenyewe bila kitu fulani. Msiba wa mwingine hauhusiki. Minkyung Koo na wenzake walilijaribu mwaka 2008. Katika jaribio lao moja, watu walioandika jinsi ambavyo huenda wasingekutana kamwe na wapenzi wao waliridhika na uhusiano wao zaidi ya walioandika jinsi walivyokutana. Sababu yake ni mazoea: kitu kikikaa sana akili hukifanya sehemu ya ukuta, na kukisifu hakukitoi ukutani. Kukifanya kiwe kitu ambacho kingeweza kutokuwepo kunakitoa.

Hatua zake ni chache. Chagua kitu kimoja, tuseme miwani unayosomea hapa. Andika njia panda nne au tano ambapo mambo yangeweza kwenda kwingine: yule aliyegundua unasogeza kitabu mbali na uso angenyamaza, ungeamua ni uchovu tu, aliyekupima angekuwa na haraka akakosea lenzi. Kaa huko dakika tano, zisizidi. Kisha rudi, na kurudi ni lazima kuandikwe: "miwani ipo, ipo usoni, herufi zinaonekana." Kama ni kitu cha kushikika, kishike.

Zoezi hili huharibika kwa njia moja hasa. Watu huandika jinsi kitu kitakavyoondoka badala ya jinsi ambavyo kisingekuja. "Ingekuwaje kama tusingejuana" ni zoezi. "Itakuwaje akifa" ni wasiwasi uliovalishwa nguo za zoezi, na mtu mwenye wasiwasi mwingi akiingia mlango huo hatoki ndani ya dakika tano. Yeye simpi kabisa. Wengine nawakataza kulifanya kitandani, na nawakataza kulifanya juu ya uhai wa mtoto.

Sasa yale ambayo mabango hayayasemi. Faida ya mazoezi haya ni ndogo. David Cregg na Jennifer Cheavens walizichambua kwa pamoja tafiti 27 kuhusu shukrani na dalili za sonona na wasiwasi, wakakuta athari ndogo, na ushauri wao ulikuwa kwamba mwenye dalili hizo atafute tiba yenye ushahidi mzito zaidi. Hata ule utafiti wa 2003 wa Emmons na McCullough unaonukuliwa kila mahali una kona yake: kundi la shukrani lililinganishwa na kundi lililotakiwa kuandika kero zake. Ukimkalisha mtu aorodheshe kero, wa pembeni yake lazima aonekane ana raha. Pengo dhidi ya waliotakiwa kuandika matukio yoyote tu lilikuwa dogo zaidi. Na wale wa Seligman walijitokeza wenyewe kupitia intaneti wakitafuta furaha, na walionufaika kwa muda mrefu ni hasa walioendelea na zoezi kwa hiari yao. Je, zoezi liliwainua, au wanaoinuka ndio wanaoendelea nalo? Nalifundisha kila wiki na swali hilo bado linanitekenya.

Kwa hiyo kama umekaa wiki mbili mfululizo huna hamu ya kitu chochote, usingizi umeharibika na chakula hakipiti, usinunue daftari. Nenda ukaonwe. Na aliye katika nyumba anayopigwa asipewe zoezi la kutafuta mazuri ya anayempiga. Nimeona ushauri huo ukitolewa na watu wanaoheshimika, na sina neno la adabu la kuueleza. Aliyefiwa mwezi huu naye mwacheni kwanza alie.

Limebaki jambo la kumwambia mhusika. Aliyeshona kifungo hajui kwamba kipo kwenye daftari lako. Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba wanaoandika barua za shukrani hukadiria vibaya: wanadhani mpokeaji ataona soni kuliko anavyoona, na wanapunguza furaha atakayoipata. Wengi pia wanahofia kuandika vibaya, wakati mpokeaji hajali ufundi wa maneno kama wao wanavyodhani. Sentensi nne zinatosha: alifanya nini, lini, kilikusaidiaje, kipo vipi leo. Usiahidi kulipa, na usichomeke ombi mwishoni. Mwandikie siku ambayo huna shida naye yoyote, vinginevyo atasoma barua yote akisubiri aya ya mwisho.