"Kalewa Huyo": Sukari Inaposhuka Mbele za Watu

"Kalewa." Hili ndilo la kwanza kusemwa, iwe kwenye daladala la Mwanakwerekwe au gatini Mkoani. Kumbe ni mgonjwa wa kisukari, sukari yake imeshuka: jasho linamtiririka na upepo unavuma, mikono inatetemeka, nauli inamponyoka, akiulizwa anashuka wapi anajibu kwa ulimi mzito au anakuja juu. Ukweli ni kwamba ubongo unategemea sukari ya kwenye damu. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma milimoli, au 70 kwa zinazosoma miligramu, mwili huanza kulalamika. Kikiwa chini ya 3.0 za milimoli, fikra nazo huvurugika. Kwa hiyo yule mnayemtaka ajieleze ndiye asiyeweza kujieleza kwa wakati ule.

"Atakuwa kala tamu nyingi." La. Sukari hushuka pale dawa inapokizidi chakula: kadunga insulini mlo ukachelewa, au kameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akashinda juu ya mkarafuu bila ya kula.

"Kapandwa na shetani." Kumsomea hakumdhuru. Kinachomdhuru ni saa inayopotea kumtafuta msomaji. Akizimia au akikakamaa, mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni, hata asali, maana kitampalia. Msimpige insulini, kwani hiyo itazidi kumshusha. Spitali, haraka.

"Mwenye kisukari haonji sukari." Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wanaompenda. Mgonjwa kakamata chupa ya soda, dada yake anamnyang'anya: "Unataka kujiua?" Maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, sukari ndiyo dawa yake. Zinatakiwa gramu 15 hivi: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kijiko kikubwa cha asali, au nusu glasi ya soda au juisi ya miwa. Asubiri dakika 15, apime, na ikiwa bado iko chini arudie. Soda isiyo na sukari haimsaidii kitu. Dafu, pamoja na sifa zake zote, sukari yake ni ndogo, na halua ina samli inayoichelewesha sukari kufika kwenye damu. Ikishapanda, ndipo ale mkate au muhogo ili isishuke tena.

"Anakunywa mchana wa Ramadhani, hana haya." Hapa kwetu jicho la watu ni kali mwezi huo, na wapo wagonjwa wanaojifungia chooni kunywa maji ya sukari, mahali ambapo wakianguka hakuna atakayewaona. Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Ushauri wa kitabibu nao uko wazi: ikishuka chini ya 70, fungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imekaribia. Wengine hawapimi wakihofia tone la damu litawafunguza. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Anayetumia insulini au glibenklamaidi amuone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe upya dozi ya futari na ya daku, na daku asiiache. Na ukimkuta mtu barazani anakunywa mchana huku mkono unamtetemeka, mshikie glasi.