Maadui wa zamani wasio na balozi: dhana potofu na ukweli

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, habari za mataifa hujadiliwa kwa uzito uleule wa habari za Coastal Union, na hakosekani mzee wa kukata shauri kwamba nchi mbili fulani hazisemezani kabisa kwa kuwa hazina ubalozi. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza inayostahili kurekebishwa. Marekani na China zilipigana Korea kuanzia mwaka 1950, na Marekani ilikataa kuitambua serikali ya Beijing. Hata hivyo, kati ya mwaka 1955 na 1970 mabalozi wao walikutana mara 136, kwanza Geneva na baadaye Warsaw. Nchini Cuba, Uswisi ilisimamia maslahi ya Marekani tangu mwaka 1961. Kilichokosekana kote huko ni uhusiano rasmi wa kibalozi, kwani mazungumzo yalikuwapo.

Dhana iliyozagaa zaidi inadai kwamba mpira wa meza ndio uliozipatanisha Marekani na China. Kisa chenyewe ni cha kweli, na kinavutia: mwezi Aprili 1971, kwenye mashindano ya dunia mjini Nagoya, mchezaji wa Marekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China, na bingwa Zhuang Zedong akampa zawadi ya picha ya hariri yenye milima ya Huangshan. Tarehe 10 Aprili timu ya Marekani iliingia China. Kinachosahaulika ni kwamba mwezi Machi Washington ilikuwa imekwisha kuondoa vikwazo vya pasipoti kwa raia wake waliotaka kwenda China, kwamba ujumbe wa siri ulikuwa ukipita Pakistan, na kwamba mwaliko wa wachezaji uliidhinishwa na kiongozi wa China, Mao, mwenyewe. Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon wa Marekani, alikwenda Beijing kwa siri mwezi Julai, Nixon mwenyewe akafuata Februari 1972, lakini uhusiano rasmi ulianza tarehe 1 Januari 1979. Kwa maoni yangu, wachezaji wale walizipa serikali mbili kisingizio cha heshima cha kufanya hadharani jambo lililokuwa likiandaliwa faraghani, na hiyo si kazi ndogo.

Wengine hudhani kwamba raia yeyote mwenye nia njema anaweza kuifanya kazi hii ya kuwakutanisha maadui. Nia njema haitoshi, kwa sababu msuluhishi asiyesikilizwa na wakubwa wa kwao hurudi na maneno matupu. Mapema mwaka 1993, nchini Norway, wasomi wawili wa Israel, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walikutana na Ahmed Qurei wa PLO, yaani chama cha ukombozi wa Palestina, ilhali serikali ya Israel ilikuwa haijaitambua PLO. Thamani yao ilikuwa na pande mbili: naibu waziri wa mambo ya nje, Yossi Beilin, alikuwa na habari zao, na wakati huohuo serikali ingeweza kuwakana endapo mambo yangeharibika. Maofisa wa serikali waliingia mwezi Mei tu, mambo yalipoonekana kuiva, na mkataba ukatiwa saini Washington tarehe 13 Septemba.

Yupo pia anayeamini kwamba kuonana na adui ni usaliti. Huyu hahitaji kupelekwa mbali. Novemba 1914 majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana hapahapa Tanga, na Waingereza, waliokuja na askari wengi kutoka India, wakashindwa vibaya. Baada ya mapigano, maofisa wa pande mbili walikutana chini ya bendera nyeupe kuzungumzia majeruhi, na baadhi ya majeruhi wa Kiingereza wakaachiwa kwa ahadi ya kutopigana tena katika vita hivyo, ambavyo katika Afrika Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918.