Waini iliyochacha haitengenezi sangria

Jana tena mteja kanifuata na chupa iliyokaa wazi wiki mbili juu ya kabati, ananiambia hii hainyweki lakini si tutafanyia sangria? Hapana jamani, sangria ni kinywaji cha waini na matunda, si pa kumalizia waini iliyoharibika. Nahudumia waini kila siku na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Chupa ikishaingia hewa, bakteria wanageuza kileo kuwa siki, na siki ukiitia machungwa na sukari unapata siki tamu.

Rahisi na mbovu ni vitu viwili. Waini ya bei nafuu ndo naitaka kwenye jagi, maana chupa ya gharama unalipia harufu ambazo matunda yatazifunika zote.

Sasa kinachoniuma hasa ni hiki, watu wakisikia matunda yataingia wanakimbilia waini nzito, kama ya zabibu za Cabernet Sauvignon iliyolala kwenye pipa la mwaloni, eti isizidiwe. Wanachopata ni ukakasi. Waini hizo zina tanini nyingi, na tanini ndo ile inayokaza ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, na baridi haiitulizi, inaizidisha! Mimina glasi 2 za chupa hiyohiyo, moja ikae friji kwa muda wa saa 2, nyingine ibaki mezani, halafu onja: ya friji harufu imejificha, utamu umepungua, ulimi umekauka. Na sangria inanywewa na barafu. Kwa hiyo chukua waini nyekundu nyepesi, Garnacha changa, Merlot laini au Gamay ya Beaujolais kule Ufaransa, ambayo haijapita kwenye mwaloni. Hizo hata ukinywa zenyewe ziweke friji dakika 20 hadi 30, kwani ile habari ya "joto la chumba" ilitoka kwenye nyumba za zamani za Ulaya zenye baridi, nyuzi 16 mpaka 18, sio chumba cha nyuzi 28.

Soda ya maji inaingia mwisho kabisa, barafu iwe mabonge makubwa.

Kuloweka matunda kwenye waini ndo sijatulia bado. Vitabu vinasema usiku kucha, nimefuata miaka, tufaa linatoka zuri sana ila chungwa lenye ganda likilala humo asubuhi unasikia uchungu wa ule weupe wa ndani. Siku hizi naloweka kwa muda wa saa 3 au 4, chungwa namenya. Brandi pia, ile pombe kali ambayo wengi wanaongezea, nimeshaweka majagi 2 pamoja nikaonja, na zaidi ya mara moja nimeipenda isiyo na brandi.

Kisheria, Umoja wa Ulaya tangu 2014 jina Sangria peke yake kwenye lebo umewaachia Hispania na Ureno, na kileo kiwe chini ya asilimia 12. Ila Wahispania wenyewe kukiwa na joto wengi wanaagiza tinto de verano, waini nyekundu, soda ya limau na barafu, imeisha, na mimi naipenda kuliko jagi lililojazwa matunda mpaka juu.

Ile chupa ya jana nilimmiminia mwenyewe kidogo aonje, akakunja uso. Nikamwambia akalowekee nyama.