Silaha mpya katika vita vya mahandaki vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914–1918: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bunduki ya rashasha ndiyo iliyoua watu wengi zaidi.

Ukweli: Huko Ufaransa na Ubelgiji, walioangamizwa na makombora ya mizinga walikuwa wengi kuliko walioangushwa na risasi. Watu hukumbuka tarehe 1 Julai 1916 kando ya mto Somme, siku ambayo jeshi la Uingereza lilipoteza askari 57,470 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, wakiwemo 19,240 waliokufa, na ni kweli kwamba rashasha ziliwafyeka mara tu walipotoka mahandakini. Lakini maafa hayo yalianzia kwenye mizinga ya Waingereza wenyewe: kwa wiki nzima ilikuwa imerusha makombora yapatayo milioni 1.5, mengi yakaanguka bila kulipuka, seng'enge ikabaki imesimama mahali pengi, na Wajerumani waliojichimbia chini kabisa ya ardhi wakapanda juu na rashasha zao wakiwa wazima.

Dhana: Makamanda hawakujifunza kitu hadi vita vikaisha.

Ukweli: Walijifunza kwa damu ya wengine, jambo lisilosameheka kirahisi, ila walijifunza. Kufikia 1917 mizinga ilipiga ukuta wa makombora uliosogea mbele kwa ratiba ya dakika, askari wakiufuata kwa karibu ili wafike kabla adui hajainua kichwa. Platuni (kikosi kidogo cha askari) ya Kiingereza, iliyokuwa kundi la wenye bunduki tu, ikapewa bunduki nyepesi ya rashasha ya Lewis na mabomu ya mkono, ikaweza kujipigania yenyewe. Lawrence Bragg, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1915, aliongoza kazi ya kuitafuta mizinga ya adui kwa maikrofoni zilizopangwa zikiachana, na wenzake wakikokotoa ilipo kwa tofauti ya muda wa mlio kufika. Ndiyo maana huko Cambrai, Ufaransa, tarehe 20 Novemba 1917, mizinga takriban 1,000 ilifyatua kwa pamoja bila kupiga kwanza ya kujaribia shabaha, na Wajerumani wakashtukizwa.

Dhana: Vifaru ndivyo vilivyovunja mahandaki.

Ukweli: Vilisaidia sana kulaza seng'enge, lakini viliharibika upesi. Karibu na Amiens, tarehe 8 Agosti 1918, viliingia vitani zaidi ya 400. Siku nne baadaye vilivyofaa kupigana vilihesabika kwa vidole.