Oili Haitokei Pale Unapoiona

Wiki iliyopita mteja aliteremka na pikipiki yake kutoka Uru hadi karakanani kwangu, hapa Moshi, na kabla sijainama hata kuitazama akaniambia, "Fundi, nipakie silikoni hapo chini tu, mambo yaishe." Hapo chini palikuwa pamekwisha kupakwa mara mbili na mafundi wawili tofauti, hata nati ya kumwagia oili ilikuwa imezungukwa na rojo jekundu la silikoni, gundi ya kuzibia, mithili ya uji uliofurika sufuriani, na oili ilikuwa ingali inadondoka. Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno, na leo nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Oili hufuata mteremko, na pikipiki ikiwa mwendoni upepo huisukuma kuelekea nyuma. Tone linaloning'inia kwenye nati ya chini huenda limetoka kwenye kifuniko cha juu ya silinda hedi, likapita katikati ya mapezi ya silinda, likazunguka ubavu wa injini na kukusanya vumbi njia nzima. Kuilaumu nati kwa sababu tone limekutwa kwake ni sawa na kumlaumu mwenye shamba la bondeni kwa mfereji uliobomoka huko mlimani.

Kwa hiyo injini ioshwe kwanza, na kuosha si kupitisha tambara. Tumia mafuta ya taa na brashi injini ikiwa baridi, ikaushe kabisa, kisha inyunyizie poda ya mtoto, ile ile ya dukani. Endesha dakika kumi hivi, ipumzishe, halafu mulika kwa tochi ukianzia juu kushuka chini, kwani mahali pa juu kabisa ambapo poda imelowa ndipo penye jibu. Usipopaona, rudia. Nimewahi kurudia mara nne kwa pikipiki moja, na mwishowe nikagundua kwamba ilikuwa oili chafu ambayo mwenyewe alikuwa akiupaka mnyororo, ukairusha kwenye kifuniko cha sproketi ya mbele.

Hata ukishapapata, usikimbilie gasketi, ule utando wa kuzibia kati ya vipande viwili vya injini. Moshi kidogo wa petroli inayoungua hupenya ringi za pistoni na kuingia chini ya injini, na katika injini ya zamani hupenya zaidi. Hewa hiyo hutoka nje kupitia mpira wa kupumulia wa injini; mpira ukibanwa au ukiziba, presha hupanda na kuisukuma oili kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Kujaza oili kupita alama kunaweza kuleta balaa lilo hilo. Mpira wa pikipiki ya Uru ulikuwa umezibwa na kiota cha nyigu cha udongo, kwa kuwa ilikaa masika yote chini ya migomba.

Kubadilisha gasketi ni kazi fupi: kwangua ya zamani bila kuichubua alumini, safisha, weka mpya, kaza boliti kwa kupishanisha. Boliti ndogo za milimita 6 huhitaji nguvu ya kukazia ya takriban nyutoni-mita 10 tu. Anayeukaza mkono hadi mishipa ya shingo imsimame atang'oa nyuzi za boliti, na mvujo wa gasketi ya bei ndogo utageuka kazi ya fundi wa mashine.

Ama kuhusu silikoni, ninayo kabatini, na hutumia utando mwembamba pale ambapo uso wa chuma umekwisha kuchubuliwa na bisibisi ya mtu. Ikizidi, inayominyikia nje ni ubaya wa sura tu. Inayominyikia ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Nikiri pia kwamba mvujo ukiwa kati ya gasketi ya hedi na ile ya chini ya silinda, mara nyingine siwi na hakika mpaka nifungue, na nimewahi kufungua bure. Pikipiki ya Uru nimeizibua mpira na kuibadilishia gasketi ya juu. Chini ya silinda bado inatoa jasho jepesi lisilofikia kudondoka, nami nimeliacha, nikamwambia mwenyewe akague kijiti cha oili kila Jumatatu. Rojo jekundu nililibandua lote. Chini yake washa ya nati, ile pete yake ya kuzibia, haikuwa na kasoro yoyote.