Kadi, rafu na kitabu chenye madoa ya kahawa

Kazi yangu ni kupita viwandani nikifundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, na darasa halikosi mtu wa kuniambia, "Mwalimu, haya ni mambo ya Wajapani. Wamezaliwa nayo, sisi hatuyawezi." Juzi aliyesema hivyo alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mzima, ameegemea ukuta wenye bango la S tano, hatua za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nikamwambia ageuke alisome. S hizo zilitoka Japani zikiitwa Seiri, Seiton na wenzake, kisha mtu akakaa akazitafutia maneno ya Kiswahili yanayoanza na herufi ileile. Wajapani nao walichukua vya watu namna hiyo, ila walichogeuza ni kikubwa kuliko herufi.

Mwaka 1950 Toyota ilikuwa hoi. Mgomo mrefu, watu kupunguzwa kazi, na Kiichiro Toyoda, aliyeianzisha, akajiuzulu. Mwaka huohuo binamu yake, Eiji, alikwenda Marekani kutazama kiwanda cha Ford cha River Rouge. Aliona mengi ambayo Toyota isingeweza kuyanunua hata ingeuza kila ilicho nacho. Alichoweza kubeba ni kitu kidogo: utaratibu wa mfanyakazi kuandika pendekezo lake na likajadiliwa. Mwaka 1951 Toyota ikawa na wa kwake.

Ford ilitengeneza kipuri kimoja kwa maelfu, mfululizo, kwa sababu soko lake lilikuwa kubwa. Toyota ilihitaji vichache vya hiki na vichache vya kile. Ukifanya kama Ford na soko la Toyota, pesa yako yote inalala ghalani ikishika kutu.

Hapa ndipo anapoingia Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya kuchonga vyuma. Alivutiwa na supamaketi za Marekani. Mteja anachukua anachotaka, kwa kiasi anachotaka, na mwenye duka anajaza pale tu palipopungua. Ohno akauleta mtindo huo kiwandani: fundi wa mbele awe mteja, fundi wa nyuma awe rafu. Zamani wa nyuma alitengeneza na kusukuma mbele, pakitakiwa pasitakiwe. Sasa wa mbele ndiye anayekwenda kuchukua. Utaratibu huo uliingia kwenye karakana yake mwaka 1953. Kinachonichekesha ni kwamba Ohno mwenyewe alifika Marekani mwaka 1956. Supamaketi yake aliijenga kwa kusikia.

Chombo chake ni kadi, kanban. Imekaa kwenye boksi la vipuri ikiwa na jina la kipuri, idadi, kinakotoka na kinakokwenda. Fundi akianza kutumia boksi anaichomoa kadi, nayo inarudi nyuma. Ikifika, wa nyuma anatengeneza idadi ileile iliyoandikwa. Isipofika, hatengenezi, hata kama mashine imelala na bosi anapita. Na kwa kuwa boksi ni chache, kipuri kibovu hakina mahali pa kujificha: kinasimamisha watu saa ileile badala ya kugunduliwa baada ya mwezi. Nimeingia kiwanda kimoja kilichochapisha kadi za rangi nzuri kabisa, na ghala lao limejaa hadi darini. Walichukua kadi wakaacha katazo.

Kwenye takwimu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Chati ya kudhibiti ubora, mchoro wa vipimo unaoonyesha kazi ikianza kwenda kombo, aliibuni Walter Shewhart, Mmarekani, mwaka 1924. Huko Marekani chati hiyo ilikuwa zaidi mali ya wahandisi na wakaguzi. W. Edwards Deming aliifundisha Japani mwaka 1950, akaalikwa na umoja wa wanasayansi na wahandisi, na alihakikisha anakutana pia na wakuu wa makampuni. Malipo ya mihadhara yake iliyochapishwa aliwaachia wenyeji, wakaanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951. Joseph Juran akaja mwaka 1954 akisisitiza kwamba ubora ni kazi ya uongozi. Lakini hatua iliyofuata hawakuletewa na mgeni. Mwaka 1962 Kaoru Ishikawa na wenzake walitoa jarida la wasimamizi wa zamu, la bei ambayo msimamizi angeimudu kwa pesa yake, na vikundi vya ubora vikaanza, yaani wafanyakazi wachache wanaokutana kutatua kasoro za kazi yao. Chati ikahama meza ya mkaguzi ikaja kwa anayeshika mashine. Walisema vikundi ni vya hiari. Hiari hiyo mimi nina shaka nayo, maana bosi anajua nani aliondoka mapema.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni TWI, mafunzo ya wasimamizi ambayo Marekani iliyatumia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hatua nne za kumfundisha mtu kazi: mwandae, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Na msemo wake mkali: mwanafunzi hajajua, basi mwalimu hajafundisha. Vita vilipoisha mwaka 1945, serikali ya Marekani iliufunga mpango huo. Waliokuwa wakiikalia Japani wakaupeleka huko, na Toyota ikaung'ang'ania.

Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua kiwanda cha pamoja Fremont, California. Mmarekani John Shook, aliyeajiriwa na Toyota Japani, alikuwa akihangaika kuandaa mafunzo ya kuwapa Wamarekani wenzake. Mjapani aliyekuwa akimwelekeza kazi akamtolea kitabu kilichogeuka rangi ya manjano, chenye madoa ya kahawa, cha Kiingereza. Kilikuwa cha TWI cha miaka ya 1940, na ndani yake mlikuwa na mafunzo yaleyale aliyokuwa akiyaandaa, karibu neno kwa neno.